Kuli Aliyekataa Kupandishwa Cheo

Wiki iliyopita tulimzika kijijini Sola mzee mmoja ambaye wengi wenu, wasomaji wangu wa Bariadi, mlipishana naye bila kumsalimia. Alikuwa kuli. Miaka yote ya nguvu zake alibeba marobota ya pamba katika kiwanda cha kuchambulia, akitoka jioni na nyuzi nyeupe hadi kwenye kope. Msibani niliwasikia watumishi wenzangu wa serikali wakinong'ona kwamba marehemu alikuwa "mtu wa kawaida tu". Nilikasirika, kisha nikaona aibu, maana mimi nilishamkosea zaidi yao.

Tulikuwa majirani, kwa hiyo bintiye, mhandisi wa maji, alipochumbiwa, mzee aliniomba niwe msemaji wa familia. Wageni walikuwa maofisa kutoka mkoa mwingine, wamevaa suti juani. Nikaogopa wasije wakamdharau na uchumba ukavunjika. Basi nilipomtambulisha nikasema baba wa binti amestaafu kiwandani, upande wa usimamizi. Vijiti vya kuhesabia ng'ombe wa mahari vilikuwa tayari mkekani. Mzee akaomba radhi, akasimama taratibu.

"Wazee wangu, msemaji wangu amekosea. Mimi ni kuli. Huyu mayu, yaani mama, binti yangu, kasomeshwa na mgongo huu. Kama unawatia aibu, semeni sasa, vijiti visiguswe."

Binti aliinamisha kichwa, nami nikatamani ardhi inimeze. Baba wa kijana akasema wao wamekuja kutafuta mke, hawakuja kukagua vyeo, na akaomba mazungumzo yaendelee. Ndoa ikafungwa. Mzee hakunilaumu hata siku moja, ila kila tukikutana sokoni aliniita "bosi wangu" huku akicheka.

Nimelifikiria sana kosa lile. Tunaoshinda ofisini tumejizoesha kumpima mtu kwa kiti anachokalia, na anayefanya kazi wima tunamhesabu mdogo, ingawa bila yeye pamba isingetoka hata getini. Yule mzee alijua thamani ya kazi yake, wala hakungoja tumwambie. Najivunia kuwa jirani yake. Siku ile nilidhani namsitiri yeye, kumbe najisitiri mwenyewe: mtoto wa mkulima wa Mwandoya niliyeogopa wageni wasije wakaniuliza na mimi baba yangu alikuwa nani.