Jini wa Sanduku la Zabuni

Miaka ile ya themanini Malindi nzima ilijua, na mimi nikijua kuliko wote, kwamba ndani ya sanduku la zabuni mna jini. Alisoma bei bahasha ikiwa imefungwa, kisha akaenda kumnong'oneza tajiri mmoja mwenye duka la mbao. Ndiyo maana tajiri yule hashindwi.

Basi baba yangu, seremala wa mtaa wa Barani, alipoomba kazi ya madawati ya shule moja ya Jilore, niliifukiza bahasha yake ubani mpaka ikanukia kama bibi harusi. Baba alicheka, lakini alipoifunga aliipaka gundi mara mbili. Akikosa kazi ile, karakana ndiyo basi.

Mimi nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni, na mwandiko wangu, wallahi, ulifaa kutiwa fremu. Wiki hiyo hiyo tajiri aliniita dukani nimwandikie barua tatu za zabuni, kila moja na jina lake la kampuni. Pa bei niache wazi.

"Kampuni zote hizi zako?" nikauliza.

"Mbili za shemeji zangu, mwanangu. Wataandika wapi kama wewe, msomi?" Akaniagizia kahawa na halua. "Na mzee naye kaomba? Atatuweza kweli sisi wa bei za chini?"

"Atawaweza!" nikasema kwa maringo, nikaitaja bei ya baba mpaka senti ya mwisho.

Bahasha zilipofunguliwa, tajiri alikuwa chini ya baba kwa shilingi chache. Wale shemeji walikuwa huko juu mawinguni. Karakana ikafungwa. Baba akawa anazunguka Muyeye na msumeno begani, akibisha hodi kuuliza nani ana kitanda kibovu.

Mimi kazi yangu ikawa kuhadithia jini: jini sugu, ubani wenyewe haogopi! Watu walicheka hadi machozi, baba akiwamiminia kahawa. Miaka ikapita hivyo. Siku moja wageni walipoondoka, bado nacheka, baba aliweka kikombe chini.

"Hapakuwa na jini, mwanangu. Karani wa zabuni alinionyesha zile barua tatu. Akaniambia mtu mmoja kujifanya watatu ni kosa la jinai, niende nikashtaki. Nikatazama, mwandiko wako. Na bei yangu nilikuambia wewe peke yako. Ningeshtaki, wangekufunga na wewe."