Jalidi iliua viazi vyangu na mlango wangu haukugongwa

Kamwene, wenzangu wa shule, wa daftari letu la kuzunguka. Limenifikia Jumatano kwa basi la Makambako, nimesoma yenu yote, sasa zamu yangu. Sitaongeza chumvi. Hasira ninazo za kutosha bila chumvi.

Mnajua niliolewa Njombe. Mume yuko Tanga kwenye mkonge, kandarasi ya pili. Nimebaki na mtoto wa miezi minane, mama mkwe, na wifi ambaye hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita Darasa la Kumi, kwa kuwa nilisoma mpaka hapo.

Mama mkwe alinipa kinyungu bondeni. Ninyi wa nchi za joto, hayo ni matuta kwenye udongo wenye unyevu, tunayalima majira yote ya baridi. Sharti lake: mvua za kwanza zikiyakuta matupu, yanakwenda kwa wifi.

Hapa sina kingine kilicho changu.

Wanawake wa huku walitandaza nyasi kavu juu ya matuta yao. Mimi nikafagia zangu zote. Si tulifundishwa bustani iwe safi, nyasi zinaficha wadudu? Nikawaambia hivyo mbele ya watu, kwa sauti. Wakacheka. Nikadhani yameisha.

Sasa, huku kwetu jalidi ikianguka, ule umande unaoganda usiku, anayeamka kwanza anagonga mlango wa jirani, jirani anagonga unaofuata. Wote wanashuka na madebe kuosha majani kabla jua halijayagusa. Jua likiwahi, umekwisha.

Baada ya mlango wa wifi unafuata wangu.

Siku hiyo haukugongwa. Nilishuka jua limeshatoka, nikakutana nao wanapanda na madebe matupu. Viazi vyangu vilikuwa vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto.

"Wifi, mbona hukuniita?"

"Nimwamshe mwalimu? Tulijua kitabu kimeshakuambia."

Nililia palepale, mtoto mgongoni. Akadhani namwimbia, akacheka.

Nikapanda upya, nikatandaza nyasi, maana kumbe zinapunguza makali ya jalidi, bila kumwambia mtu. Majuma yale niliongea na mtoto na viazi tu. Mume nilimwandikia kwamba shamba ni zuri.

Mwishoni mwa Agosti mtoto akaniamsha alfajiri. Kutoka nje, majani ya uani yanavunjika chini ya miguu kama kioo. Milango yote imefungwa. Mimi ndiye wa kwanza.

Nilichukua debe nishuke kimya kimya. Nilishafika njiani, wenzangu.

Nikarudi, nikagonga mlango wa wifi kwa debe lile lile mpaka kuku wakapiga kelele. Msinisifu, haukuwa wema. Nilitaka aone mlango unavyogongwa.

Akatoka na blanketi begani. "Unagonga kama askari wa kodi," akasema.

Tukaosha matuta yake. Kisha akajaza debe, akaingia kwenye matuta yangu bila kuombwa. Radhi hajaomba mpaka leo.

Mawingu yameanza kukusanyika na matuta yangu ni ya kijani. Kinyungu kimebaki kwangu. Jioni bado nakula na mtoto tu.

Fundisho? Ningeuliza zile nyasi ni za nini. Swali moja lingetosha. Lakini kosa langu lilikuwa la mdomo, lake liligusa chakula cha mtoto, na sijalisamehe.

Nimewaachia kurasa mbili. Ungekuwa wewe, ungegonga? Nitukaneni mkitaka, ila daftari lisirudi na kurasa hizo tupu.