Sauna ya Uani, Berea

Watu wameniuliza mara nyingi ilikuwaje mtu aliyekulia Tanga akajenga chumba cha joto mjini Durban, mahali ambapo Desemba shati linakugandia mgongoni kabla hujamaliza kufunga vifungo. Huwa nawajibu kwamba mwenye nyumba wangu alikuwa anamsubiri mdogo wake.

Mwenye nyumba huyo alikuwa mzee wa Kifini, fundi mashine wa meli aliyestaafu, mgane asiye na mtoto. Alinipangisha chumba cha uani katika nyumba yake kuukuu pale mtaa wa Berea, miaka michache baada ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Nilikuwa nimeshapita Mombasa, Nampula na Maputo, na kila mji nilikaa mpaka miguu ilipoanza kuwasha. Mchana nilichomea vyuma kwenye karakana moja ya Jacobs, mtaa wa viwanda. Jioni nilikaa na mzee barazani, tukizungumza Kiingereza chetu cha bandarini.

Nchi yake niliijua kwanza kwa mambo madogo. Viatu viliachwa mlangoni, na hilo lilinifanya nijione niko kwetu. Mkate ulikuwa mweusi, mchachu, aliuoka mwenyewe na kuukata vipande vyembamba. Kahawa ilikuwa nyepesi lakini haikuisha. Na kulikuwa na kimya. Kwetu ukikaa na mwenzako bila kuzungumza, atakuuliza umeudhiwa na nani. Mzee aliweza kukaa mpaka giza likaingia, kisha akanyanyuka, akasema, "Jioni nzuri hii," akaenda kulala.

Siku moja alinieleza kwamba kaskazini kwao, wakati wa kiangazi, jua halizami kabisa.

"Sasa mzee," nikamuuliza, "sisi tunaofunga Ramadhani tungefuturu saa ngapi?"

Hakujibu. Nikadhani nimemkera. Kesho yake jioni, akinimiminia kahawa, akasema, "Nimefikiria lile swali. Mngepata taabu sana."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ndiyo maana habari ya mdogo wake ilinifikia kidogo kidogo, leo sentensi moja, wiki ijayo nyingine. Baba yao alikuwa na kiwanja kando ya ziwa, na kwenye kiwanja hicho sauna ya magogo, yaani chumba cha kuogea kwa mvuke. Mama yao aliwazaa wote wawili mle ndani, kama wanawake wengi wa zamani wa kule, kwa sababu palikuwa pasafi na maji ya moto yalikuwepo. Baba alipokufa walimwoshea humo humo. Kisha mama naye akafa, mzee akiwa baharini, na mdogo mtu akauza kiwanja chote pamoja na sauna. Alimwarifu kaka yake mambo yakiwa yamekwisha. Tangu hapo hawakusemezana. Nywele zao zilikuwa zimegeuka nyeupe wakiwa hivyo hivyo.

Mwaka ule mdogo mtu alipiga simu, akasema anakuja Krismasi. Mzee alinipa habari hiyo akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Sina maneno ya kumwambia," akasema. "Nahitaji sauna."

Akanifafanulia. Kwao, mkesha wa Krismasi lazima watu waingie sauna. Na mle ndani hakuna ugomvi. Mama yao aliwafundisha kukaa humo kama kanisani.

"Na asipokubali kuingia?"

"Asipokubali, basi nitajua sina ndugu."

Nikaanza kazi. Jiko nililiunganisha Jacobs, baada ya saa za kazi, kwa bomba nene la chuma lililokuwa limetupwa nyuma ya karakana. Kuta na mabenchi alivitengeneza seremala mmoja wa Bukavu, rafiki yangu, mtu wa mdomo. Siku ya kwanza alisimama uani akifuta jasho.

"Kaka, huyu muzee yako iko na shida gani? Hii joto yote, anataka kuongeza ingine?"

"Ni mila yao."

"Mila! Eish. Durban muzima ni sauna, kaka. Januari unaingia bure. Umwambie."

Nikamwambia mzee. Alifikiri sana, halafu akamjibu seremala mwenyewe, taratibu, "Ndiyo. Lakini Januari haina benchi." Seremala alicheka mpaka akakaa juu ya mbao zake, na baada ya hapo alipiga randa kama mtu anayejenga nyumba ya mama yake mkwe.

Mawe ya juu ya jiko tuliyatafuta pamoja, mzee na mimi. Aliyakataa yote ya ufukweni, kwa kuwa yakipata moto hupasuka. Nikamkumbuka bibi yangu, ambaye hakukubali jiwe la mtoni liwe figa jikoni kwake, kwa sababu hiyo hiyo. Tulichukua mawe meusi, mazito, ya bara. Badala ya matawi ya mti wao wenye gome jeupe, ambayo kwao hujichapia mwilini ndani ya mvuke, tulifunga matawi ya mkaratusi. Upawa wa kumwagia maji mawe hayo nilimtengenezea kwa kifuu cha nazi. Aliugeuzageuza mkononi, akautundika karibu na mlango kana kwamba ni picha.

Mdogo mtu alifika. Alikuwa mrefu kuliko kaka yake, uso mwekundu kwa jua la njiani tu. Walishikana mikono getini, wakaachiana. Siku mbili walikula meza moja, kila mmoja akitazama dirisha lake. Mkesha ulipofika niliwasha moto mchana, na mzee akaenda kusimama mbele ya chumba cha mdogo wake na taulo mbili. Alinyoosha moja. Yule mwingine aliitazama muda mrefu, akaipokea.

Wakaingia. Mimi nikabaki uani na birika la chai ya tangawizi niliyowaandalia. Nilisikia maji yakilia juu ya mawe, halafu basi. Nikangoja. Maji tena. Kimya. Nikaanza kuingiwa na hofu. Kwetu ndugu wakipatanishwa huwekwa mtu wa kati, kila mmoja hutoa yake ya moyoni, sauti hupanda, mtu mzima husema yaishe, mikono hushikwa, chai huletwa. Hawa hawakuwa na mtu wa kati. Nikajiona ni mimi.

Nikabeba sinia, nikausukuma mlango kwa goti. "Hodi! Wazee wangu, nimewaletea chai, na nawaomba mzungumze..."

Mvuke wote ulinipita usoni kwenda nje. Wale wawili, weupe na wekundu juu ya benchi, walinikaripia neno moja la kwao, kwa pamoja, kwa sauti ile ile, wakinyoosha vidole upande ule ule wa mlango. Nikaufunga mbio, mimi nikiwa nje, chai imenimwagikia miguuni.

Kisha nikasikia mtu anakohoa, na kikohozi kikageuka kicheko. Kikafuata cha pili, kizito, ambacho sikuwahi kukisikia tangu nihamie kwenye nyumba ile. Wakacheka mpaka kuta za seremala zikatikisika. Baada ya hapo wakaanza kuongea, chini chini, maneno machache machache.

Mzee alifungua mlango kidogo, macho yamemlowa.

"Baba alikuwa anatufokea hivyo hivyo, 'Mlango!', tulipokuwa tunaingia na kutoka," akasema. "Tumemsikia yeye. Njoo. Na ufunge mlango."

Niliingia na kikoi changu kiunoni, nikakaa benchi la chini. Mdogo mtu akateremsha upawa, akanipa mimi, na mzee akaniambia kwa sauti ndogo kwamba anayepewa upawa ndiye anayeamua joto. Nikachota, nikamwaga. Joto lilipanda, likanishika masikioni, likanishukia mabegani kama mtu aliyeniwekea mikono yake yote miwili.

Mdogo mtu alisema kitu.

"Anasema benchi la juu liko chini mno," mzee akanitafsiria. "Anataka kulipandisha kesho. Yeye mwenyewe, kabla hatujaingia tena."

Tukakaa. Hakuna aliyesema neno jingine, na safari hii sikutafuta la kusema.