Bunduki Mbili na Kisu Kimoja

Kwa miaka mingi rafiki yangu alipiga na mimi nilichinja. Hivyo ndivyo tulivyowinda. Yeye alikuwa Mhaya, Mkatoliki wa misa ya kila Jumapili, fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba. Mimi nilisomesha watoto Kurani katika msikiti mdogo kule Mabatini. Jumamosi, mvua za kwanza zikishanyesha, tulikutana kwangu Mkolani, ambako siku hizo nyumba zilikuwa chache na mashamba yalianza nyuma tu ya mawe, tukaenda kutafuta kanga.

Yeye alilala kifudifudi nyuma ya jiwe na bunduki yake ya risasi ndogo, ile ya kipimo cha ishirini na mbili. Mimi nilikaa mbele, kando kabisa ya njia ya risasi, nimechuchumaa kwenye majani karibu na mahali kanga walipozoea kuja kufukua mbegu. Kisu kilikuwa mkononi. Alilenga bawa linapoota, si kichwa, ili ndege aanguke akiwa na pumzi. Kabla hajatapatapa sana nilikuwa nimemfikia, nimemwelekeza kibla, nimetaja jina la Mungu na kukata. Nyama hiyo tuliila wote wawili. Ndege akifa kwa risasi, yeye angeweza kumla na mimi nisingeweza. Najua wapo wanazuoni wanaosema kwamba mtu akipiga bismillahi kabla ya kufyatua, inatosha. Sibishani nao. Mwalimu wangu alinifundisha nimkute mnyama angali hai, nami niliyashika mafundisho hayo kama alivyonipa.

Rafiki yangu hakuona taabu. Alisema yeye anakula kila kitu, hivyo mwenye masharti ndiye afuatwe. Mara chache ndege alipokufa kabla sijafika, alimchukua peke yake, na Jumamosi iliyofuata hakupenda kuniambia kama alikuwa mtamu.

Kisha kiwanda kikauzwa. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka ya mjini yalijaa vitu na viwanda vikapungukiwa watu. Mwenye mali mpya alikuja na mafundi wake, na rafiki yangu akapunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Alikaa kidogo akitafuta kibarua, akaona haya, akaamua kurudi kwao Kagera kwenye migomba na kahawa ya baba yake. Mke wangu alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Watoto wangu wako Dar es Salaam. Alhamdulillahi, wote wazima. Lakini aliponiambia kwamba anaondoka, nilihesabu watu ambao ningeweza kukaa nao mchana mzima bila kusema neno, na baada yake sikumpata mwingine.

Alikuwa na bunduki mbili, zote za risasi ndogo. Akasema moja ataondoka nayo, na nyingine ataniachia kwa utaratibu wa serikali. Kibali nilikifuata polisi mwenyewe, kwa subira, hadi kikatoka. Lililobaki lilikuwa ni kuchagua.

Tuliziweka zote mbili juu ya gunia tupu, kwenye kivuli cha mawe. Moja ilikuwa kongwe. Aliinunua kwa meneja Mzungu wa zamani wa kiwanda alipokuwa anarudi kwao. Ilikuwa nzito, mtutu wake mnene, na kila risasi uliitia kwa mkono na kufunga komeo. Ukikosa, umekosa, kanga hawakusubiri utie nyingine. Ya pili ilikuwa mpya, nyepesi kama fimbo ya kutembelea, nayo ilijitilia risasi yenyewe kila ulipovuta kifyatulio.

Tulijaribu kwa kopo la maziwa. Nililala pale alipozoea kulala yeye, na yeye akakaa nyuma yangu akinisahihisha bega. Kongwe ilikuwa na tabia ya mzee. Risasi za mwendo mkali, zile zilizokuwa zimefurika madukani, iliziyumbisha huku na huku. Lakini ukiilisha zile za mwendo wa taratibu, matundu yalirundikana pamoja hata ungeyafunika yote kwa kizibo cha soda. Ile mpya ilitaka risasi kali tu. Ukiipa za taratibu ilikwama. Matundu yake yalitawanyika kopo zima, na mengine yalikwenda kwenye mawe.

"Nyinyi Wahaya mnasifia hata risasi iliyokosa," nilimwambia, maana alikuwa akiisifu ile mpya kila ilipofyatuka.

"Haijakosa, Maalimu. Imekwenda kusalimia jiwe."

Baadaye akaacha mzaha. Akanieleza kwamba amelifikiria jambo hili zaidi yangu. Kuanzia sasa nitapiga peke yangu na kuchinja peke yangu. Goti langu la kulia lilikuwa limeanza kugoma, na kutoka penye jiwe hadi penye ndege ni mbali kwa mtu wa goti. Ile mpya, kwa kuwa haikuwa na shabaha kali, ingempata kanga mwilini au bawani, akabaki anapiga mabawa mpaka nifike. Na akitaka kukimbia, risasi ya pili iko tayari. Kongwe, kwa mtu anayelenga kwa utulivu kama mimi, ingempata kichwani.

"Chukua hii mpya," akasema. "Hiyo nyingine itawaua kabla hujafika."

Nilimfikiria ndege aliyevunjika, akitapatapa kwenye matuta, na mimi nikija kwa kuchechemea kutoka kwenye jiwe, nikisimama njiani kupumzisha goti. Zamani hakungoja, kwa sababu tulikuwa wawili. Tumeamrishwa kumfanyia wema hata mnyama tunayemchinja, na sikuona wema wa kumngojesha ndege ili mimi nipate kitoweo.

"Naichukua kongwe," nikasema.

"Utakula nini, Maalimu?"

"Dagaa."

Alicheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki. Akachukua kitambaa akaanza kufuta mtutu wa ile kongwe, polepole, kama vile ilikuwa inaondoka na si yeye.

Nilimsindikiza hadi bandarini. Alibeba ile mpya ndani ya gunia lililoshonwa, na karatasi zake mfukoni. Tulisimama kati ya abiria na mizigo, na tukazungumza habari za bei ya kahawa, ambayo mimi siijui. Akapanda meli. Nilirudi kwa kupita Kirumba, nikanunua dagaa kwenye soko la Mwaloni kwa kuwa nilikuwa nimekwisha sema.

Msimu uliofuata nilikwenda kwenye jiwe lile. Mama mmoja mjane, Mlutheri, alikuwa na shamba la mahindi na karanga hapo chini, na kanga walikuwa wakimfukulia mbegu zote. Nililala mahali pa rafiki yangu. Kongwe haikunidanganya. Kanga aliinama, na hakuinuka. Nilishuka na kisu kiunoni kwa mazoea, nikamkuta ametulia kabisa. Sikumgusa. Nilimwita mama, nikamwonyesha alipoanguka. Shamba lake, ndege wake. Akaniuliza kama sitachukua hata paja. Nikamwambia kwamba mimi nina dagaa nyumbani.

Ikawa hivyo. Mara nyingine nilikuta michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, imewekwa kwenye ungo mlangoni kwangu, nami nilijua imetoka kwake. Jumamosi zilikuwa ndefu. Nilizoea kugeuka upande wa majani, pale nilipokuwa nikichuchumaa, kuona kama mtu yuko tayari.

Siku moja upepo wa ziwani ulisukuma risasi, au mkono wangu ulitetemeka, sijui. Kanga akaangukia upande wangu, karibu mno, chini tu ya jiwe, akawa anapumua. Nilimfikia kwa hatua chache. Nilisoma bismillahi nikakata, mikono ikikumbuka yenyewe. Nikamshukuru Mungu, maana ulikuwa muda mrefu.

Nyumbani nilimnyonyoa nikampika kwa chumvi na nyanya. Alipoiva nilimgawa kama tulivyokuwa tukigawana: paja hili na kidari upande huu, paja lile na mgongo upande wa pili. Nikajaza sahani mbili. Nikala ya kwangu. Nyama ilikuwa nzuri, nami nilimaliza, kisha nikaitazama ile nyingine ikipoa na mafuta yakiganda pembezoni. Sikuweza kuila. Haikuwa yangu.

Nikaifunika kwa kawa, nikachukua fimbo, nikashuka nayo taratibu kwa yule mama.

"Shikamoo, Maalimu. Leo umempata mzima?"

"Marahaba. Leo nimempata."

Aliipokea kwa mikono miwili, akanikaribisha kiti. Nilikaa mpaka adhana ya magharibi ikasikika kwa mbali kutoka upande wa mjini, nikaaga, nikarudi kuswali.