Futari ya Hamisi Kituoni

Sikwenda Mombasa kutembea. Mwezi wa Ramadhani, wifi yangu Zuhura alinipigia simu shuleni ninakofundisha, Voi: mdogo wangu Hamisi, karani wa ghala huko Shimanzi, amekamatwa. Wiki moja kabla alikuwa amemweleza wakili jinsi polisi walivyompiga mchukuzi mbele ya macho yake hadi akafa, kisa alikataa kuwapa kitu kidogo. Vyama vingi vilikuwa vimerudi, tukaambiwa sasa kila mtu yuko huru kusema. Hamisi, mkaidi wa kuzaliwa, akaamini.

Saa nne asubuhi niliteremka basi, nikakata vichochoro vya Mji wa Kale hadi kwa Zuhura.

"Ndoo ndani, wifi, usisimame mlangoni," Zuhura alininong'oneza. "Kuna watu washapita mara mbili."

"Umemwona?"

"Hawanipi ruhusa. Lakini kila siku nampelekea futari, na kesho yake bakuli hurudi tupu. Alhamdulillahi, anakula."

Alasiri tulifika kituoni. Koplo akapokea viazi vya nazi na samaki, akatufukuza. Zuhura alikuwa amezoea kuondoka. Mimi nilimvuta tukakaa bencini, nikasema nalisubiri bakuli langu. Baada ya nusu saa koplo akalirudisha.

"Amekula yote, mama. Ameshukuru."

Jua lilikuwa bado juu. Hamisi hafungui kabla ya adhana, hata ashikwe na homa. Zuhura alinifinya mkono, nami nikainuka nikamwendea koplo.

"Afande, nionyeshe jina lake kitabuni."

"Unataka ulale ndani, wewe?"

Langoni askari wa kike alitupita bila kututazama. "Nendeni hospitali," akasema. "Ulizeni mgonjwa asiye na jina."

Kabla ya magharibi tulimpata, mkono umevunjika, taya limefungwa bandeji. Nilimwinamia nikamsihi, "Iache kesi hii, ndugu yangu. Wachukuzi ni wengi, wewe ni mmoja." Niliona haya nilipokwisha kusema. Hamisi alitikisa kichwa kukataa, machozi yakimtoka.

Siku ya tatu wakili alikuja, daktari akaandika kila jeraha, na jina la Hamisi likatiwa kwenye kadi yake. Nikapanda basi la kurudi. Kwenye kila kizuizi cha polisi niliinamisha uso.

Nyumbani wameniuliza nimejifunza nini huko. Nimejifunza kwamba hofu haiishi ukimpata mtu wako. Nilikwenda nikiogopa kwamba Hamisi amekufa. Nimerudi nikiogopa kwa kuwa yu hai, na Idi ikipita atasimama mbele ya hakimu aseme alichokiona.