Honorata Ampima Mkwe

Nyumbani kwa Honorata, pale Nkololo, kitu kisichofumiwa kitambaa ujue kimeletwa jana. Makochi yamevikwa, redio imevikwa, mtungi umevikwa, na jogoo angekuwa na tabia ya kutulia naye angevikwa. Mikono ya mama huyu haijui kukaa bure. Taabu yake ni kichwa. Vidole vinakumbuka kila fundo, lakini kichwa, jamani, kimeanza kumchezea.

Aliinjika maji ya ugali akaenda kuchuma pamba, akarudi akakuta sufuria imetoboka. Jirani yake Sayi akawa anaitwa kwa jina la marehemu mama yake, na anaitika tu, maana kubishana na Honorata ni kupoteza jioni nzima. Habari zikamfikia binti yake Lucy huko Lamadi, alikoolewa na Anatoli, mfanyabiashara wa samaki. Lucy akakata shauri: Anatoli aende akamwone mama kwa macho yake. Kama kweli hatambui watu, pamba ikishauzwa anahamia Lamadi, ng'ombe wanauzwa na nyumba inafungwa.

Honorata aliposikia hayo, alikuja juu. "Lamadi nikafanye nini? Nikaangalie mabasi?" Nkololo ndiko alikozaliwa, ndiko alikoolewa, na mume wake amelala nyuma ya zizi. Akamwambia Sayi, "Acha aje. Atanikuta na akili zangu zote."

Sasa elewa mambo ya kule. Kwa Wasukuma wa rika lake, mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana mpaka wanakimbiana. Hawagusani, hawakai pamoja, na salamu hutolewa kwa mbali, macho chini. Tangu amwoe Lucy, Anatoli hajawahi kumsogelea mama huyu hata kwa urefu wa mpini wa jembe.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi inauma, pikipiki ikasimama uani. Honorata alikuwa akimngoja Januarius, bwana shamba, ambaye yeye Honorata alishamwahidi kumfumia sweta la kuendeshea pikipiki. Akashuka mwanamume mnene, vumbi hadi kwenye kope, akachuchumaa mbali.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka. Inuka, baba, vua koti. Nilikuwa nakusubiri."

Honorata hapimi kwa futi. Huzungusha uzi mwilini mwa mtu, ncha zinapokutana anapiga fundo, basi. Kabla mgeni hajajua la kufanya, mama alishamfikia, amemkumbatia kifua kutafuta ncha ya pili. Anatoli, maana ndiye, akakauka. Amsukume? Kumsukuma ni kumgusa. Akimbie? Uzi unamzunguka.

"Mama, mimi ni..."

"Nyamaza. Ukiongea kifua kinatanuka."

"Samahani, mama, mimi..."

"Na hiki kitambi? Mkeo anakulisha vizuri. Nampongeza."

Ndipo Sayi akaingia na kibuyu cha maziwa. Akaona, akakiweka chini polepole kisije kikamponyoka. "Honorata," alisema, "huyo ni Anatoli. Mume wa Lucy."

Honorata akamtazama yule mtu usoni kwa muda. Kisha akamwona. Akauacha uzi ukining'inia kifuani mwa mkwe, akaingia ndani, akafunga mlango.

Aibu ya mila alikuwa nayo, lakini hiyo mbuzi mmoja wa faini anaimaliza. Kilichomtetemesha ni kwamba amemtazama baba wa wajukuu zake na hakumpata kichwani. Akakaa kitandani akalia, kwa sababu Lamadi sasa ilikuwa imeshamshika mkono.

Nje simu ikaita. Alikuwa Lucy, na Anatoli ni mtu wa kuongea kwa spika.

"Umefika? Mama amekutambua?"

Anatoli akamtazama Sayi. Sayi akapata ghafla kazi ya kufukuza kuku. Kusema ukweli kulitaka maelezo, na mwanamume mwenye familia atamwelezaje mkewe kwamba mama yake amemkumbatia na kumsifia kitambi? Sasa hivi neno lingekuwa kwa Lucy, saa sita lingekuwa kwenye kila meza ya samaki. Halafu alisikia kilio kile ndani, na kikamchoma.

"Amenipokea vizuri," alisema. "Vizuri kuliko siku zote."

"Kwa hiyo yuko sawa?"

"Mama abaki kwake, Lucy. Ila wewe uje ukae naye mavuno haya. Sufuria zinatoboka."

Lucy akauliza sufuria gani, naye akasema mtandao unasumbua, akakata.

Ndani kilio kilikuwa kimenyamaza. Kisha sauti ikatoka nyuma ya mlango, ya heshima sana, ikipitia kwa mtu wa tatu kama mila inavyotaka:

"Sayi, mwambie mkwe asivae koti kwanza. Mikono umpime wewe."