Waombolezaji wa Edah

Shemeji yangu Edah Jelagat hakosi mazishi. Wengine walikuja Amerika kutafuta digrii. Yeye, akishamaliza zamu ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika makao yao huko Gaithersburg, hutafuta misiba. Akisikia Mkenya kafiwa, iwe Baltimore au Virginia, tayari ana birika la chai na beseni la mandazi. Dereva ni mimi Festus, kwa sababu barabara ya 270 anaiogopa kuliko shetani.

"Festus, shughuli ni watu," huniambia. "Mtu kuzikwa peke yake ni aibu."

Kati ya wazee wake alimpenda zaidi Miss Loretta, aliyekuwa mpishi wa shule, mjane asiye na mtoto wala ndugu aliye hai. Bibi huyo hakuogopa kufa. Alichoogopa ni mazishi yenyewe: mchungaji wa kukodiwa, mchimba kaburi, basi. Edah, ambaye mdomo wake hutangulia akili, akamwahidi kwamba atamletea watu. Watu gani, hata yeye hakujua.

Jumapili moja ya Agosti, mwaka 2006, Miss Loretta alimtuma akaangalie kama nyasi zimekatwa kwenye kaburi la marehemu mumewe. Nafasi yake mwenyewe ilikuwa pembeni, imenunuliwa zamani, inamsubiri. Tulitoka kanisani tukaenda moja kwa moja. Karibu na ukuta wa makaburi tukakuta kundi la watu limeketi kwenye blanketi, nyeusi tupu kuanzia viatu hadi kope. Wanaume walikuwa wamepaka wanja. Jua linachoma, na wao wamevaa makoti ya mahameli! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini hawa walikuwa wameamua kuionja mapema.

Edah hakuuliza swali. Alirudi garini akachukua birika.

"Poleni. Poleni sana," akawa anawapa mikono mmoja mmoja, machozi yakimlengalenga. "Ni nani ametuacha?"

Msichana mweusi mwenye midomo ya zambarau akasimama. Akajibu kwa Kiswahili cha mtangazaji wa taarifa ya habari.

"Shikamoo, mama. Hatujafiwa na mtu yeyote. Tunakunywa chai."

Alikuwa Mmarekani, jina lake Nandi. Kiswahili alikisomea chuo kikuu, na siku za kazi alitengeneza kompyuta za watu katika mji wa Falls Church. Yeye na wenzake walijiita magothi, vijana wa mavazi meusi na muziki wa huzuni. Usiku walicheza muziki wao mjini, lakini Jumapili walikutana hapa, kwa kuwa wanapenda utulivu na mawe ya kale, na kwa kuwa hapa hakuna anayewakodolea macho.

"Yaani mmekalia maiti bure?" Edah aling'aka. "Bila msiba? Na hiyo keki, mbona imekauka hivyo?"

Akawamiminia chai, akagawa mandazi. Aliposikia jina la msichana, akapiga kofi. "Wewe ndiye Nandi? Mimi ndiye Mnandi wa kabila, bwana! Kaa hapa."

Ikawa ndiyo desturi yetu kila Jumapili. Mimi niliona aibu, sikatai. Kisha jamaa mmoja mwenye meno ya bandia yaliyochongoka akaniomba andazi jingine kwa adabu sana, nikaona ni mtu mwenye njaa tu kama wengine.

Oktoba, Miss Loretta akafariki. Mazishi yalipangwa Alhamisi mchana. Edah akampigia simu mzee Mutai, mwenyekiti wa kamati ya misiba kanisani kwetu.

"Pole sana, dada," akasema mzee. "Lakini alikuwa member wetu? Na Thursday watu wako job. Tutamweka kwa maombi."

Kamati hiyo hiyo, wiki iliyopita, ilijaza mabasi kwenda harusi! Edah alikata simu, akalia palepale jikoni, mikono ndani ya unga.

"Nilimwahidi, Festus. Nimemdanganya mtu aliyekuwa anakufa."

Baadaye akapangusa mikono, akampigia Nandi.

Alhamisi tulikuta geti limejaa miavuli myeusi. Wameomba ruhusa kazini, wote, na hakuna aliyehangaika kuazima nguo ya msiba. Yule jamaa alitoa meno yake akayatia mfukoni. Hiyo ndiyo heshima. Mchungaji wa kukodiwa alisita, akidhani amekosea kaburi.

"Are you the family?" akauliza.

"Ni watu wake," Edah akamjibu kwa Kiswahili, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Edah alipoanzisha wimbo, hawakuujua, wakauguna hivyo hivyo, ovyo kabisa. Mungu ameshavumilia mabaya zaidi kutoka kwaya yetu. Nandi alilia mpaka wanja ukafika kidevuni, na huyo Miss Loretta, Nandi hakuwahi kumwona hata kwa picha.

Jumapili iliyofuata, pale ukutani hapakuwa na mtu. Blanketi lilikuwa limehamia kando ya udongo mpya. Walikuwa wamemwekea Miss Loretta kikombe cha chai na kipande cha keki yao.

Edah alisimama akaitazama ile keki.

"Ondoeni hiyo keki," akasema. "Huyu alikuwa mpishi. Mpeni mandazi."